Mafuta Safi ya Kuwauzia Wengine

Juzi nilimsindikiza jirani yangu, muuguzi, kumpeleka mama yake hospitali. Tukiwa tunapanda mlima kutoka Singe, gari likaishiwa nguvu ghafla. Jirani alikanyaga mafuta hadi mwisho, likatetemeka, likazima, huku lori nyuma yetu likipiga honi. Mama yake alinishika mkono, akaanza kusali.

Tulimpandisha bajaji, akafika salama. Fundi aliyekuja alitaka kubadilisha pampu ya mafuta, lakini jirani akakataa.

"Fungua kwanza filta."

Fundi akaifungua, akamimina kilichokuwamo kwenye chupa. Petroli kidogo ikaelea juu, chini maji matupu.

Tukaipeleka chupa kwenye kituo tulikojaza asubuhi ile. Meneja hakuitazama hata kidogo.

"Mafuta yetu ni safi, dada. Gari lako ndilo bovu."

"Sawa," jirani akajibu, akifungua chupa. "Pikipiki ile si yako? Ngoja nikuongezee."

Meneja aliruka, akafunika tanki lake kwa viganja vyote viwili.

Kumbe alijua! Na tulipokuwa tunaondoka, walikuwa wanajaza gari la wanafunzi.