Elisifa Ahamishia Jiko Mlimani

Kwenye kambi ya watafuta gesi kule Mtwara walimwita Mama Mkate, ingawa jina lake ni Elisifa Mtui na kwao ni Marangu. Alikuwa mwokaji wa kampuni iliyolisha kambi ile. Kila alfajiri, kabla mafundi hawajapanda helikopta kwenda kwenye meli ya kuchimba, mikate yake ilikuwa imeshatoka kwenye oveni, na hata wale wazungu ambao asubuhi hawasemi na mtu walisimama mbele ya kaunta yake wakatabasamu. Aliipenda kazi ile. Aliijua pia, na hakuona sababu ya kujifanya haijui.

Kisha bei ya mafuta na gesi ikaporomoka, uchimbaji ukasimama. Meneja aliwaita wafanyakazi wote kantini, akasimama karibu na friji ya soda, akasema kampuni inapunguza watu. Meli ikiwa haichimbi, alisema, hakuna wa kulishwa. Wengine walilia, wengine wakaanza kubishana naye. Elisifa alisikiliza mpaka mwisho, akarudi jikoni kwa kuwa alikuwa ameacha unga umeumuka. Aliuoka, akawagawia walinzi na wafagizi mikate ile, akavua aproni.

Kule Marangu mama yake, Bi Kornelia, alimpokea kwa sufuria ya machalari, akamwacha ale kwanza ndizi na nyama yake ndipo akauliza.

"Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza, mama. Wamefunga kambi."

"Si ni kitu kilekile? Umerudi na begi."

"Hapana. Anayefukuzwa amekosea. Mimi sikukosea, na kupika bado najua. Nitapata watu wengine wa kuwapikia."

Bi Kornelia alimtazama, akamwongezea ndizi.

Kuwapata watu hao hakukuwa rahisi kama alivyolisema jambo hilo siku ile. Elisifa alizunguka hoteli za Moshi mjini, moja baada ya nyingine, akiwa amevaa blauzi yake nzuri. Hoteli ya kwanza walimwambia mikate wananunua dukani. Ya pili wakamwonyesha ndoo na deki, wakasema kazi iliyopo ni ya vyumba. Ya tatu, meneja kijana alimsikiliza vizuri, akacheka. "Mama, wewe umezoea mambo makubwa ya mafuta na gesi. Sisi hutatuweza." Elisifa alimjibu kwamba mtu akiwa na njaa ni yuleyule, awe ametoka melini au ametoka kanisani, lakini kijana alikuwa ameshageukia simu yake. Siku ile alipanda kurudi Marangu akiwa amekasirika mpaka akapitiliza njia ya kwao.

Jumapili alikwenda ibadani. Baada ya ibada, watu walikusanyika nje kwenye mnada wa mavuno, ambapo mikungu ya ndizi, kuku na mayai yaliyotolewa sadaka huuzwa kwa anayetaja bei kubwa. Jirani mmoja alimshika mkono. "Elisifa! Umekuja likizo?"

Wengi waliopunguzwa kazini hujibu ndiyo hapo. Elisifa alisema kwa sauti ya kawaida, na watu wakasikia, "Hapana, kazi imekwisha. Natafuta nyingine. Mimi ni mpishi. Ukisikia mahali, niambie."

Jirani alifikiri kidogo. Mwanawe alikuwa mgumu, ndivyo wanavyojiita wapagazi wa mlimani, na alikuwa amemwambia kwamba bosi wao, Isack, ana wageni wengi msimu huu na hana wapishi wa kutosha.

"Lakini wale hupika juu huko, kwenye baridi," jirani alisema. "Ni kazi ya wanaume."

"Bosi mwenyewe yuko wapi?"

Isack alikuwa na ofisi yake Moshi mjini, mtaa wa Soweto, nyumba ya kawaida yenye ua mkubwa ambamo mahema yalianikwa kama nguo. Alimkaribisha Elisifa kiti, akamwuliza kama ana mgeni anayetaka kupanda.

"Mimi ndiye nataka kupanda, kaka. Kupika."

Isack hakucheka. Aliweka mikono mezani akasema taratibu, "Dada, sijawahi kupeleka mwanamke jikoni mlimani. Si kwamba siwaheshimu. Kule mtu analala kwenye hema na masufuria, anaamka barafu iko kwenye ndoo. Na wanaume wale wana midomo."

"Kambini Mtwara tulikuwa wanawake wachache katikati ya wanaume wengi. Midomo naijua. Baridi siijui, hiyo nitaijua nikifika." Alielekeza kidole uani, kwenye mtungi wa gesi na jiko dogo la safari. "Nipe hilo jiko na kilichopo stoo. Nikipika vibaya, nitakwenda zangu."

Isack alikuwa na njaa, labda hilo lilisaidia. Elisifa alipika mchuzi wa nyama, wali na chapati kwenye moto wa jiko moja, akapanga sufuria ipi ianze na ipi ifunikwe blanketi ikae na joto lake. Walikula pale uani, Isack na waliokuwa wakianika mahema. Walipomaliza, Isack alisema, "Chakula ni kizuri. Lakini hapa ni Soweto. Utakwenda kama msaidizi wa Antoni. Yeye ndiye mpishi wangu mkubwa. Akiridhika, nami nimeridhika."

Elisifa alinunua viatu na koti la mtumba soko la Memorial. Juma lile akapita geti la Marangu, la kuingilia mlimani, ambalo tangu utoto aliliona kwa nje tu, watu wengine wakiingia.

Antoni alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyepika mlimani tangu ujana wake. Hakumdharau, ila alimtazama kama anavyotazamwa mgeni ambaye bado hajajua mlango wa kutokea. Kwenye vibanda vya Mandara mambo yalikwenda vizuri. Siku ya pili walifika Horombo, juu ya mawingu, na pale Elisifa akaaibika. Alikanda unga wa mkate kama alivyozoea, ukakataa kuumuka kwa baridi, ukatoka kwenye sufuria mgumu kama tofali. Wali wa wapagazi nao ulichemka sana, ukabaki na kiini kibichi.

"Leo tunatafuna changarawe," mmoja wa wagumu akasema, na jiko zima likaangua kicheko.

Elisifa alicheka nao, ingawa masikio yalimwaka. Wenzake walipotoka, alimgeukia Antoni. "Kaka, nimekosea wapi?"

Antoni alifunua sufuria. "Hujakosea. Huku maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Wali uufunike mapema, uweke jiwe juu, uuache zaidi ya unavyofikiri. Maharage hatuyaanzii huku, yanachemshwa nyumbani. Nyama ngumu, tumia sufuria ya presha. Mkate," akatikisa kichwa, "mkate mimi nilishaacha."

Elisifa alisikiliza kila neno kama alivyowahi kusikiliza kwa mwokaji aliyemfundisha. Kesho yake wali ulikuwa laini, na hakuna aliyesema kitu. Kwa wagumu hiyo ndiyo sifa.

Walipofika Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, wageni wao, mume na mke wa makamo kutoka Uholanzi, hawakutaka kula. Walikaa mezani rangi imewatoka, wakisukuma tambi kwa uma. Antoni alisema ni kawaida, urefu ule unaua hamu ya chakula. Elisifa alitoa ndizi mshare alizobeba kutoka kwenye kihamba cha mama yake, shamba la migomba la nyumbani, akaziweka kwenye sufuria ya presha pamoja na nyama na kitunguu.

"Mtori?" Antoni alishangaa. "Kwani wamejifungua?"

"Hebu watazame. Wana tofauti gani na mzazi wa jana? Hawezi kutafuna, lakini lazima apate nguvu."

Aliponda ndizi mpaka zikawa uji mlaini, akatia chumvi, akapeleka bakuli mbili za moto. Yule mama wa Kiholanzi alionja kwa adabu. Akaonja tena. Kisha akainamia bakuli akala mpaka akaomba nyingine, na mumewe akamfuata. Safari ya kileleni ilianza. Mume alirudi njiani kwa maumivu ya kichwa, mke akafika. Kwenye kushuka, wagumu waliuliza kama mtori umebaki.

Antoni hakuwa mtu wa maneno mengi. Pale Soweto, walipokuwa wakipakua mizigo, alimwambia Isack, "Msimu ujao mpe kundi lake. Asipande tena kama msaidizi wangu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Tena mimi nataka kujua huo mkate utamshinda au hautamshinda."

Haukumshinda. Kwenye safari ya nne Elisifa aliufunga unga uliokandwa ndani ya mfuko, akauweka kwenye begi lake la kulalia na chupa ya maji ya moto, na asubuhi Horombo ikanukia mkate. Sasa yeye ni mpishi mkuu wa makundi yake mwenyewe, na wageni wa Isack huandika wakiulizia mama wa mikate hata kabla hawajauliza kuhusu hali ya hewa.

Mwaka huu simu ilimjia akiwa kihambani na mama yake, wakikata majani ya ng'ombe. Aliyepiga alikuwa bosi wake wa zamani wa Mtwara.

"Mama Mkate! Nimepata kambi mpya, ya bomba la mafuta, Tanga. Jiko kubwa, oveni mpya. Nakuhitaji mara moja."

Elisifa aliweka panga chini. Alifikiri kweli, hakujifanya. Aliziona oveni zile, akakumbuka zinavyopendeza zikiwaka zote kwa pamoja.

"Asante, bosi. Nimekwisha pata kazi. Nina wageni Jumanne."

"Wageni? Wapi?"

"Mlima Kilimanjaro."

"Wewe?"

"Mimi. Lakini mpigie Victoria, yule wa kuosha vyombo. Nilimfundisha kukanda, na mpaka leo hajapata kazi. Atakufaa. Nakutumia namba yake sasa hivi."

Alimtumia. Bi Kornelia, aliyekuwa amesikia yote, aliuliza, "Na huu mlima nao wageni wakikoma?"

"Nitatafuta tena, mama. Nimeshajua namna ya kutafuta."

Victoria alianza kazi Tanga juma lililofuata. Jumanne ile ile Elisifa alisimama geti la Marangu, akihakikisha mtungi wake wa gesi umefungwa vizuri kabla haujapimwa uzito pamoja na mizigo ya wapagazi.