Minyaa Iliyotembea

Asnath ana jicho moja linaloona. La pili lina kiini cheupe tangu utotoni, na kwa miaka yote tuliyoimba pamoja katika kwaya ya akina mama hapa Hombolo, sote tuliamini lilichomwa na mwiba. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Mimi Ruthu, jirani yake, ndiye niliyeambiwa ukweli kwanza, na ushauri niliompa ulikuwa wa hovyo. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanidhania mwema.

Shamba lake limepakana na shamba la marehemu Matonya, aliyehamia Gulwe mwaka wa njaa, asirudi tena. Katikati palikuwa na ua wa minyaa, kama ilivyo mipaka yetu mingi huku. Minyaa haina makuu. Unakata tawi, unalichomeka ardhini, mvua ikinyesha linashika. Ubaya wake ni ule utomvu mweupe kama maziwa. Ukikuingia jichoni, jicho hilo lihesabu limekwenda.

Kando ya ua huo, upande wa Asnath, mwanawe mkubwa Seth alipanda mizabibu. Aliipenda mpaka tukamtania kwamba siku moja ataipelekea posa. Pikipiki ilimuua miaka minne iliyopita, akazikwa palepale mwisho wa mistari ya mizabibu yake. Kila Jumapili baada ya ibada Asnath alipita kaburini kabla hajabandika sufuria, akamsimulia mahubiri. Seth alikuwa na tabia ya kusinzia kanisani, kwa hiyo mama mtu aliona bado ana deni la kusikiliza.

Mwaka jana tukatangaziwa kwamba wapima ardhi wanakuja. Hana, binti wa Matonya, mama mtu mzima, akasafiri kutoka Gulwe kuja kuuliza shamba la baba yake linaishia wapi. Alitusalimu "Mbukwenyi" kama mtu wa nyumbani, akasema yeye hajui kitu, atapokea lolote tutakalomwonyesha.

Jioni ile Asnath akanivuta jikoni kwake. Akaniambia kwamba Matonya alipohama, baba yake Asnath aliung'oa ule ua na kuupanda upya hatua arobaini ndani ya shamba la mwenzake. Aliyebeba matawi kichwani ni yeye Asnath, mtoto wa miaka minane. Utomvu ukamchuruzikia jichoni. Baba yake akamwambia kwamba akiulizwa, aseme mwiba.

"Hatua arobaini," nikasema. "Si ndipo alipolala Seth?"

"Ndipo."

"Basi nyamaza, dada. Waliojua wamekufa wote. Na wewe ulikuwa mtoto, Mungu anajua."

"Siku ile nilikuwa mtoto. Leo nina wajukuu, Ruthu."

Nilikasirika kweli. Nikamwambia Mungu ana dunia nzima ya kuangalia, hana haja na vipande vya mashamba ya Hombolo. Akanitazama kwa lile jicho lake zima, akaniuliza mimi nilibatizwa kwa maji gani. Nikaondoka bila kuaga.

Mwanawe aliyebaki, Gerson, alipiga magoti mbele yake. "Mama, mimi sitaki urithi. Shamba lote gawa ukitaka. Ila Seth usimwache kwa watu." Asnath alilia pamoja naye.

Siku ya upimaji, mwenyekiti wa kitongoji, mzee Sebastiani, akauliza mpaka ni upi. Wazee wakaonyesha ua. "Huo hapo," akasema mmoja. "Minyaa haitembei." Watu wakacheka.

"Hii ilitembea," Asnath akasema. "Niliibeba mimi." Akagusa jicho lake.

Akahesabu hatua kuja upande wake, wapima wakamfuata na kamba, na mpaka ukapita mbele ya kaburi, Seth akabaki upande wa Hana. Hana alikuwa wa kwanza kulia. Akasema tunapopanda ua mpya tuache uwazi mahali pale, Mama Seth apite siku yoyote anayotaka. Tukapanda wawili, Asnath na mimi, tukiwa tumejifunga khanga mpaka kwenye nyusi. Uwazi tukauacha, mpana wa kupitisha mtu na ndoo yake.

Asubuhi iliyofuata tukaukuta umezibwa. Matawi saba, yamechomekwa vizuri, udongo umeshindiliwa kwa mguu. Gerson alikuwa uani ananawa mikono, begi lake liko mlangoni.

"Si umesema mpaka, mama?" akamwambia. "Haya, mpaka ndio huo."

Akabeba begi akaenda Kondoa. Simu ya mama yake hapokei, na Pasaka Asnath alimwekea chakula kikalala.

Kuzunguka kwa barabarani anaweza. Lakini Hana yuko Gulwe, na Asnath anasema ruhusa aliyopewa ni ya kupita pale kwenye uwazi, hawezi kuingilia shamba la watu kwa njia nyingine. Ndivyo alivyo, na wakati mwingine natamani kumtikisa. Mvua za Desemba ziliponyesha, nikaona matawi yale saba yanachipua. Nikachukua panga.

Asnath akanishika mkono. "Acha. Hiyo kaipanda mwanangu. Akirudi ataing'oa mwenyewe."

"Na asiporudi?"

Akaliondoa panga mkononi mwangu taratibu, akaliegemeza ukutani.

Nimeumia kwa ajili yake kuliko nilivyoumia kwa mambo yangu mwenyewe. Jumapili akitoka kanisani bado anakwenda kumsimulia Seth mahubiri, amesimama upande huu wa ua. Siku hizi inabidi apaze sauti kidogo, maana minyaa ya Gerson imeshika vizuri kuliko yetu.