Zamu ya Maji ya Bibi

Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, na hata huko kilikuwa kinachechemea. Nilipoingia wodini, kwenye hospitali moja huku Usa River, nikakuta karatasi imebandikwa juu ya kitanda cha bibi yangu, nikaweza kusoma mwanzo tu: rest. Hiyo naijua. Kila msiba kijijini kwetu Akheri ipo kwenye fulana, rest in peace, chini ya picha ya marehemu. Yaani bibi bado anapumua, wenzetu wameshaanza fulana.

Nilipomwambia nesi hivyo, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akaniambia nisome lote: restricted. Moyo wa bibi umechoka, maji yanamjaa mwilini, kwa hiyo anakunywa kwa kipimo. Kikombe kidogo asubuhi, kingine jioni, basi.

"Sasa si mngeandika 'kwa kipimo' tujue?"

"Mdogo wangu, andika unavyotaka. Ila maji usimpe."

Furaha yangu haikufika mbali. Nesi alipoondoka tu, bibi akanishika mkono. Midomo imekauka mpaka imepasuka. Akaomba maji kwa Kimeru. Bibi huyu mfereji unapita nyuma ya jiko lake, tangu alipoolewa analala na sauti ya maji masikioni. Nikamwambia daktari amekataa. Akauliza kamkosea nini daktari. Nikaleta utani, maana ndicho nilichokuja nacho, hata machungwa sikubeba: nikasema daktari anaogopa migomba itamwota bibi tumboni. Hakucheka. Bibi asipocheka, mimi hata mikono sijui niiweke wapi.

Ndipo nikakumbuka mfereji. Kwetu maji yake yanaenda kwa zamu, kila shamba na siku yake. Siku ya jirani unayaona yanapita pembeni ya migomba yako iliyosinyaa, na huyagusi.

"Bibi, maji yapo. Ila zamu yako bado."

Hilo alilielewa hapo hapo. Akaniachia mkono, akatikisa kichwa kukubali, akatulia. Nikajiona mwalimu wa Kiingereza kabisa. Neno lote lile gumu, nimelimaliza kwa mfereji.

Halafu akageuza shingo taratibu, akaona chupa yangu ya maji pale dirishani, imebaki nusu.

"Sasa hivi ni zamu ya nani?"

Nikaichukua chupa, nikaisukuma chini ya kitanda asiione. Nilipoinuka, bado alikuwa ananiangalia, anangoja nimtajie jina la mwenye zamu.