Dorika na Nyumba ya Makumbusho

Mtumbwi ulikuwa umeshaingia katikati ya matete Hilari alipokiona kisiwa kwa mara ya kwanza, akajiuliza: ndicho hiki tu? Makambako, alikoshuka kwenye lori, watu walikitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani. Naye alichokiona ni mwamba uliotuna juu ya kinamasi, nyumba moja ndefu ya mawe, na paa jipya la bati. Ukungu ulikuwa bado umelala. Vita ilikuwa imempeleka Hilari hadi Burma, ikamrudisha na lugha tano na kikohozi. Bandari amezipita, na visiwa vyenye bahari yake ameviona. Kisiwa kilichozingirwa na tope hakuwahi kukutana nacho.

Alikuwa anakwenda kuanza kazi. Ofisini Njombe walimpa kofia, ufunguo, na maelezo ya kukariri. Gereza la zamani la Wajerumani sasa ni nyumba ya makumbusho. Mgeni akifika aonyeshwe, aelezwe, asiguse. Na mgeni wa kwanza alikuwa humo humo mtumbwini, nyuma yake: mama wa makamo, kaniki mpya, miguu imepauka kwa baridi, kapu lililofunikwa kitambaa limewekwa mapajani.

Kefa mvushaji, mzee mwembamba kama pondo lake, hakuweza kusukuma mtumbwi bila kusukuma na maneno.

"Mama umetoka wapi na kaniki yote hiyo?"

"Mahongole."

"Mahongole! Mimi nimeoa Mahongole. Basi wewe ni shemeji yangu, nauli utalipa mara mbili."

"Nitalipa nusu. Wewe umeoa kwetu, deni la mahari bado unalo."

Kefa akacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Hilari akashika kofia.

"Na huyu mwenye kofia?" mama akauliza. "Mluteri au Mroma?"

"Mroma, mama," Hilari akajibu mwenyewe. "Kwetu ni misheni, upande wa Njombe."

"Si kitu. Leo hata Mroma atafaa."

Hilari hakuelewa atafaa kwa lipi. Walipokanyaga mwamba, mama alishusha kapu, akajikung'uta matone, akatazama huku na huku.

"Wengine wameshafika?"

"Wengine gani, mama?"

"Wafiwa."

Kila lugha ina neno linaloteleza linapohama kutoka kinywa kimoja kwenda kingine, na lililoteleza hapa lilikuwa makumbusho. Tangazo lilisomwa kanisani baada ya ibada: gereza la kisiwani sasa ni nyumba ya makumbusho, watu wote wanakaribishwa kutazama. Dorika, ndilo lilikuwa jina la mama huyo, alikuwa na Kiswahili cha soko na cha kanisa. Sokoni neno hilo halikuwapo. Kanisani watu hukumbushwa marehemu wao mara moja kwa mwaka. Mchungaji husimama, majina husomwa, kisha wafiwa hula pamoja. Neno "kutazama" alilisikia, akaliacha lipite. Akachinja jogoo, akanunua kaniki, akaja.

Hilari angeweza kumweleza kosa lake pale pale. Hakumweleza. Alifungua mlango, akaanza kazi aliyoajiriwa.

Chumba kilikuwa na meza mbili. Juu yake paliwekwa mnyororo wa shingo, pingu, kiboko cha ngozi, chungu kilichovunjika mdomo, na kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto. Kila kitu kilikuwa na karatasi yake. Hilari akasimama wima. Hii, akasema, ni jela iliyojengwa na Wajerumani baada ya vita vya Majimaji. Wafungwa walifungwa kwa mnyororo huu. Walipikiwa katika chungu kama hiki. Mdachi alipoondoka, jela ikafungwa.

Dorika alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, mikono kifuani.

"Vizuri. Na majina utasoma saa ngapi?"

"Majina yameandikwa, mama. Huu ni mnyororo, hii ni..."

"Sikuuliza majina ya vyuma, mwanangu."

Akaketi sakafuni, ukutani, akanyoosha miguu. Hilari, ambaye alikuwa amewahi kusikiliza watu katika vituo vingi vya reli, alijua mtu aliyeketi namna ile hataondoka mpaka amalize. Akaketi juu ya sanduku lake.

Habari yenyewe haikuwa ndefu. Dorika aliolewa na Mika, mtu wa Mahongole, mlimaji wa ulezi. Mwaka wa nzige, wanaume wa kijiji walikuwa wamepelekwa kuchonga barabara ya Njombe. Wingu la nzige lilipotua, Mika aliitupa sururu ya Serikali, akakimbia nyumbani, akachukua debe, akashinda shambani akilipiga kuwafukuza. Askari walimkuta hapo hapo akipiga. Walimchukua na debe lake mkononi. Jumbe akasema, amepelekwa kisiwani. Baada ya hapo jumbe hakusema neno tena, na gereza halikukaribiwa na mwanamke. Lilipofungwa, lilibaki na popo, na nani aende kuwauliza popo?

Ndipo Filemoni, shemeji yake, alipopata jibu lake mwenyewe. Mika ametoroka, akasema, yuko Tanga kwenye mkonge, ana mke mwingine Mdigo. Watu walipenda habari hiyo kwa sababu ilikuwa na safari ndani yake. Wakamwita Dorika Mama Tanga. Seremala mmoja, Anyisile, alimposa. Mchungaji akauliza: aliyeona maiti ya Mika ni nani? Hakuwapo. Seremala alingoja, akachoka, akaoa kwingine. Dorika akalea watoto wawili, akapanda viazi, akaviuza Makambako. Kila msimu usharika huwalimia wajane mashamba yao, jembe kwa jembe, na nyimbo. Mke wa mtu aliyesafiri hujilimia.

"Nataka mwenye nyumba aseme," Dorika akamaliza. "Mfiwa hajisomei. Ukisema wewe, mwenye kofia, mtu wa Serikali, imekwisha."

Hilari alijikuna shingo. "Mama, mwaka wa nzige Mdachi alikuwa ameshaondoka zamani. Maelezo yangu yanasema jela ilifungwa alipoondoka."

"Basi mume wangu aliletwa kufungwa kwenye nini? Kwenye maelezo yako?"

Hilari alitoka nje, akamkuta Kefa amejilaza juani kando ya mtumbwi.

"Mzee Kefa, jela hii ilifungwa lini?"

"Mimi huambiwa vusha, navusha."

"Uliwavusha wafungwa?"

Kefa akafumbua jicho moja. "Mdachi simjui, nilikuwa mtoto. Pingu nilizovusha mimi zilikuwa za Mwingereza."

Dorika alikuwa amesimama mlangoni. "Mwaka wa nzige pia?"

"Mwaka ule ndio hasa. Walikuja kama kuni."

"Alikuwamo mtu mwenye debe."

Kefa akaketi. Uso wake, uliokuwa wa mzaha tangu asubuhi, ulikaa vibaya, kama nguo iliyovaliwa kinyume.

"Wa debe," akasema. "Alilipiga humu humu mtumbwini. Askari walicheka, wakamwachia. Alisema nzige wakisikia kimya watarudi."

"Ulimrudisha?"

Matete yalisugua ubavu wa mtumbwi. Kefa aliangalia pondo lake.

"Debe nililirudisha, shemeji. Nililitumia kutolea maji mpaka likaoza. Yeye alikufa kwa kichomi, mwezi wa baridi kali. Mimi na mfungwa mmoja tulimzika kule nyuma. Hatukuambiwa jina."

Dorika hakulia. Alikwenda nyuma ya nyumba peke yake. Hapakuwa na alama, palikuwa na nyasi na mawe. Aliporudi, Hilari alikuwa amevaa kofia vizuri. Alikatazwa kuongeza neno katika maelezo, na alilifahamu hilo vizuri kabisa. Akasimama kizingitini, akasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kibena, kwa sauti ile ile ya kuonyesha mnyororo: Mika wa Mahongole, mlimaji, aliletwa katika jela hii mwaka wa nzige, wakati wa Mwingereza. Alifia humu. Amezikwa nyuma ya nyumba. Hakufika Tanga.

"Rudia hapo pa Tanga," Dorika akasema.

Akarudia.

Kisha wakala. Jogoo alikuwa mgumu, na Kefa alisema hivyo, akaambiwa aache. Waluteri wawili na Mroma mmoja walishika mfupa mmoja mmoja, na Dorika akaomba sala fupi ambayo Hilari aliimalizia kwa ishara ya msalaba. Hakuna aliyemcheka.

Dorika alikuwa na haraka. Alitaka kufika Mahongole watu wakiwa bado mashambani, ampitie Filemoni mbele ya wenzake wanaolima, si nyumbani kwake.

"Nawe Kefa utakuja," akasema. "Usharika utataka kukusikia."

"Mimi? Na nani atavusha?"

"Tope halitakimbia."

Kefa akashika pondo, akasukuma. "Haya. Umekuja mke, unarudi mjane. Safari mbaya hii, shemeji."

"Mjane ni cheo, Kefa. Vusha."

Walipotokomea katika matete, Hilari alizisikia bado sauti zao. Dorika alikuwa akiuliza kama Mika alikuwa na blanketi, na Kefa alikuwa akijibu kwa kirefu. Kisha hata sauti hazikusikika. Hilari akalivuta sanduku lake ndani, akatafuta pa kuwasha moto, akakuta kuni mbichi. Ng'ambo, watu wawili wenye viatu walikuwa wamesimama wakisubiri mtumbwi. Akaanza kuyasema maelezo yake tangu mwanzo, Wajerumani, mnyororo, chungu, akafika pale Mdachi anapoondoka, na hapo akaanza kutafuta namna ya kuendelea.