Jogoo Mzima wa Profesa

Ninyi vijana mnaosomea biashara chuo kikuu na kulalamika kwamba profesa amechelewa, sikilizeni kwanza. Shule mimi sikuimaliza. Nitasema tu nilivyoona.

Miaka ile hapa Likasi kazi zilikuwa zimekufa, na walimu walikaa miezi bila mshahara. Binti yangu alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo. Lilibaki somo moja, la kuendesha kampuni. Bila hilo, hakuna diploma. Profesa wake alitoka Lubumbashi juu ya lori, amekaa kwenye magunia ya makala, yale makaa ya kupikia, akaja kufundisha bure. Sisi wazazi tulimlaza na kumlisha bukari, yaani ugali, kwa zamu.

Zamu yangu ilipofika, nilitaka kumshukuru. Nilichinja jogoo wetu wa mwisho, nikampika mzima, nikafunika sufuria, nikamtuma binti ampelekee chumba cha uani alimolala, majirani wakiona. Ee, kosa! Kwetu jogoo mzima aliyefunikwa ni chakula cha mkwe. Njaa ilikuwa imenisahaulisha desturi.

Kesho yake, kwenye bomba la maji, jirani akaniita kwa sauti:

"Mama mukwe! Arusi itakuwa lini? Mutoto anasomea biashara, kumbe weye ndiye umekwisha kumuuza!"

Wakacheka wote. Maneno yakafika mpaka darasani. Binti akarudi analia, akatupa daftari chini.

"Sirudie tena, mama. Banasema pointi zangu ni za jogoo."

Mtihani ulibaki wiki mbili. Mume wangu akasimama. "Huyu profesa atoke leo."

"Aende wapi? Na somo nani atalimaliza, weye?"

Akaketi tena. Kosa lilikuwa la sufuria yangu. Yule mtu angeweza kubaki kwake na kulima mihogo kama wenzake, lakini alikuja kwa watoto wetu. Mpaka leo nikisali ninamtaja, yeye na chuo kile kilichokataa kufunga milango.

Sasa, desturi ndiyo iliyonifunga, na desturi ikanifungua. Kwetu mama mkwe hali chakula pamoja na mkwe wake, hata kumtazama usoni ni haya. Nikaita watu wote wa nyumba yangu, nikasema:

"Tandikeni mukeka kule inje, karibu na barabara, batu bote baone. Kuanzia leo miye na profesa tutakula bukari sahani moja. Na weye binti, okota daftari, kesho unaenda kusoma."