Presha Imeshuka

Yule fundi cherehani walimwita Daktari, naye aliitika bila kuona haya. Udaktari hakuusomea, hata wa kuku. Kabla ya kushona alikuwa msafishaji kwenye zahanati moja, akipiga deki nje ya chumba cha daktari huku masikio kayaacha wazi, na mtu akipiga deki mahali pamoja miaka na miaka huokota maneno kama wengine wanavyookota vifungo. Aliokota "mishipa". Aliokota "lishe". Aliokota "kitaalamu", na hilo alilipenda kuliko yote. Alipohamia kwenye chumba cha kushonea sare za shule, akakuta soko lipo tayari: chumba kizima wanawake, kila mmoja ana mtoto mdogo nyumbani na mgongo unaouma, na hakuna mwenye nafasi ya kwenda kupanga foleni kwa ajili ya nafsi yake. Mtoto akikohoa atapelekwa. Wao wakikohoa, wanakohoa.

Jamani, tusimseme vibaya mapema. Roho yake ilikuwa nzuri. Mtoto wa mwenzake akiharisha, yeye ndiye aliyekimbia kumkorogea maji ya sukari na chumvi, na mtoto akapona kweli. Mjamzito akivimba uso, yeye ndiye wa kwanza kumfokea aende akapimwe. Mengi aliyosema yalikuwa sahihi, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia, maana mwongo mtupu watu humkimbia mapema. Huyu walimwamini. Hata mkuu wa chumba, mwanamke mkali anayekagua mishono kwa kucha, alikuwa akimvuta pembeni na kumnong'oneza mambo ya tumbo lake.

Basi alikuwa na wifi yake, mke wa kaka yake mdogo, dobi kwenye hosteli ya wanafunzi. Kazi yake mashuka. Anayafua chini, anayapandisha mabichi ngazi kwa ngazi mpaka kwenye roshani ya juu kabisa, anayaanika, anashuka kuchukua mengine. Ana watoto wawili, mmoja ndiyo kwanza anajifunza kusema, mwingine bado ananyonya. Mimba ya huyo wa pili ilimtesa: presha ilipanda, akajifungua kwa tabu, na hata baada ya kujifungua presha ikagoma kurudi mahali pake.

Pale wanapopimia uzito wa watoto palikuwa na nesi mmoja na utaratibu wake aliojitungia. Ukileta mtoto kwenye mizani, mama nawe unaleta mkono upimwe presha. Kina mama walinung'unika wee. "Mimi nimeleta mtoto, mimi siumwi!" Nesi akiwajibu, "Ugonjwa wa moyo haukuulizi kama unaumwa. Mama aliyepandwa na presha kwenye mimba, moyo wake tunaulinda leo, hatungoji mpaka aanguke." Ndivyo dobi alivyopata vidonge vyake. Akaambiwa apunguze chumvi, na asiache dawa hata akijisikia mzima. Naye akatii, kwa kuwa ni mtu wa kutii, wala tusimcheke kwa hilo.

Siku moja akatokea chumba cha kushonea, mtoto mgongoni, ametoka kliniki. Kwa uso wake hukuweza kujua kama anafurahi au ana mashaka.

"Wifi, nesi kasema presha imeshuka."

Daktari akasimamisha cherehani. "Imeshuka?"

"Imeshuka. Kasema safi, niendelee hivyo hivyo."

"Mungu wangu! Imeshuka halafu anakwambia safi?"

Hapa inabidi nieleze, maana aliyekulia kwingine anaweza kutuona wajinga bure. Kwa watu wengi presha ni magonjwa mawili. Kuna presha ya kupanda na kuna presha ya kushuka, na kila moja ina watu wake, kama timu za mpira. Mama fulani ana ya kupanda, jirani yake ana ya kushuka, na wote wanajua nani anatakiwa kula nini. Nesi alipomwambia dobi kwamba presha imeshuka, alimaanisha dawa imefanya kazi, mambo yako sawa. Daktari wetu alisikia kwamba wifi yake amehamishiwa timu ya pili.

"Lakini alitabasamu, wifi," dobi akasema.

"Manesi hutabasamu hata wakikuchoma sindano! Hebu niambie, vidonge vyako kazi yake nini?"

"Kushusha presha."

"Na presha imeshafanya nini?"

"Imeshuka."

"Sasa ukiendelea kuishusha iliyokwisha kushuka, si utaifikisha chini ya ardhi? Kitaalamu, hapo unajimaliza. Acha hivyo vidonge leo leo. Weka chumvi kwenye glasi ya maji, unywe asubuhi na jioni, mpaka ipande ikae katikati."

Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza. Wanawake wakatikisa vichwa, wakaona kweli, hesabu imekaa sawa. Na Daktari akasikia utamu kifuani, ule utamu wa mtu aliyemshinda mwenzake. Ukweli ni kwamba alikuwa akimwonea nesi kijicho. Tangu nesi aanze mambo yake ya leta mkono, wanawake wawili watatu walikuwa wamepunguza kumuuliza yeye. Sitii chumvi hapa. Aliyetia chumvi mnamjua.

Dobi akaacha vidonge, akanywa chumvi. Juma la kwanza kichwa kikaanza kumgonga. Daktari akasema ni presha inapanda kurudi mahali pake, avumilie. Juma la pili akawa hawezi kupanda ngazi bila kusimama katikati, mkono kwenye ukuta, moyo ukimwenda mbio. Daktari akasema aongeze chumvi kidogo. Halafu asubuhi moja, akiwa na beseni la mashuka mabichi kichwani, dobi akaanguka kwenye ngazi. Beseni likatangulia mpaka chini kwa kishindo. Wanafunzi wakatoka vyumbani wakidhani kuna ugomvi.

Daktari alipigiwa simu akiwa kazini. Akakimbia bila kuvua tepu ya kupimia shingoni, akampitia mtoto anayenyonya kwa jirani, akaingia kliniki anahema. Dobi alikuwa amelazwa kwenye kitanda chembamba nyuma ya pazia, macho mekundu, yu hai. Upande wa pili wa pazia kulikuwa na benchi la kina mama na watoto wao, na pazia lenyewe ni kitambaa tu. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya.

Nesi alikuwa ameshampima. Akapima tena mkono wa pili, akachomoa masikioni vile vipira vya kusikilizia.

"Imepanda kupita kiasi. Mama, vidonge unameza?"

Dobi akamtazama wifi yake. Mara moja tu, upesi, kama anayeangalia kama mlango umefungwa.

"Nameza, sista."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Unameza kila siku na imefika huku?" Nesi akashika kiuno. "Basi dawa hii haikuwezi. Daktari yuko chumba cha pili, akija namwambia akuongezee nyingine juu ya hii, yenye nguvu zaidi."

Daktari wa cherehani alikuwa amekaa na mtoto mapajani. Alielewa vizuri kilichofanyika. Wifi yake alikuwa anamsitiri. Mgonjwa, kalala chali, moyo unamgonga, na bado anamchungia heshima dada wa mume wake. Na katika yale aliyoyaokota wakati wa deki, moja lilikuwa la kweli, nalo likamrudia sasa bila kuitwa: aliwahi kumsikia mganga wa zahanati akigomba kwamba mtu akipewa dawa za presha nyingi kuliko mahitaji yake, ataporomoka kweli kweli, na huenda asiamke. Wifi yake atakwenda nyumbani na dawa mbili, na kwa hofu ya leo atazimeza zote kwa uaminifu.

Sema, akajiambia. Ulimi ukakataa. Akajipangia kwamba atamwambia wifi pembeni wakishatoka. Kisha akajipangia kwamba chumvi kidogo vile haiwezi kuwa sababu. Mtu akitafuta pa kujificha haoni haya kuingia hata uvunguni. Mwisho akatoa sauti nyembamba asiyoijua mwenyewe.

"Sista, labda... labda huwa anasahau sahau."

Ee bwana, hilo ndilo alilopata kusema! Nesi akamgeukia mgonjwa.

"Kumbe! Unasahau, halafu unanidanganya usoni! Nilikueleza nini? Una mtoto hata hajatambaa. Ukifa kwa uzembe, atanyonya kwa nani? Kwa mimi?"

Kule benchini wote walikuwa wanasikia kila neno. Dobi hakujitetea. Alifumba macho, chozi likashuka upande wa sikio, akasema, "Nisamehe, sista. Sitarudia."

Daktari alitamani ardhi ipasuke. Kuna aibu ya kukosea, nayo hupita, wangapi hatujakosea? Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa aibu ya kumwona mtu mwema anapigwa fimbo zako, na wewe umekaa kwenye kiti, umempakata mwanawe. Akaona sasa kwamba tangu mwanzo alijua wifi yake hayuko sawa. Alisimuliwa habari ya ule mkono ukutani, na akaongeza chumvi, kwa sababu kukiri ingekuwa kumpa nesi ushindi.

"Hakusahau," akasema, safari hii kwa sauti. "Nilimwachisha mimi."

Nesi akageuka. "Unasemaje?"

"Vidonge nilimwachisha mimi. Nikamwambia anywe maji ya chumvi. Asubuhi na jioni. Alipoumwa kichwa nikamwambia aongeze."

"Chumvi?"

"Chumvi."

"Wewe mwanamke, una akili timamu? Mtu mwenye presha unampa chumvi! Nani alikutuma?"

"Ulimwambia imeshuka, sista," Daktari akasema, na kila neno lilimtoka kwa shida. "Nikadhani ana presha ya kushuka. Nikamwambia kwamba wewe hujui."

Nesi akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akajishika paji la uso. "Nilimwambia imeshuka," akasema polepole. "Nilikuwa namsifu." Kisha akainuka, maana si mtu wa kukaa. "Haya. Hakuna dawa ya pili. Unarudi kwenye vidonge vyako vile vile, mama, utalala hapa leo tukuangalie, na chumvi hiyo ukaimwage. Na imeshuka maana yake vidonge vinafanya kazi, kwa hiyo unaendelea kuvimeza. Umenisikia?"

"Nimesikia," dobi akasema. Akanyoosha mkono, akamgusa wifi yake kwenye goti. "Usilie, wifi. Ulinitakia mema."

Afadhali angemtukana. Daktari aliinamisha kichwa, tepu ikining'inia juu ya mtoto, naye mtoto akaidaka akaanza kuitafuna. Upande wa pili wa pazia mtu aliyemfahamu akacheka. "Leo Daktari kapatikana!" Mwingine akaongeza, "Kitaalamu!" na benchi zima likaangua kicheko, la haki kabisa. Akivuliwa nguo mtu huchutama, na yeye alichutama, akawaacha wacheke mpaka waliporidhika.

Kisha pazia likasogezwa. Alisimama msichana mwembamba, mtoto begani, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Daktari hakumkumbuka hata kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Samahani, nimesikia mnavyoongea. Mimi tulikutana bombani, mtoto huyu akiwa mchanga. Nilikuwa na vidonge vya presha kama vya huyu dada. Uliniambia nikishajisikia nafuu nivipumzishe, moyo usije ukavizoea. Nimevipumzisha mpaka leo." Akampandisha mtoto begani, alikuwa anateleza. "Sasa nilikuwa nauliza, nivirudie au niendelee kusubiri?"

Nesi alikuwa amesimama hapo hapo, mashine ya kupimia presha mkononi, hatua moja kutoka kwa yule binti. Lakini binti hakuwa anamtazama nesi. Alikuwa anamtazama fundi, kwa adabu, akimngojea ampe jibu.

Daktari alijaribu kumkumbuka. Bomba, ndoo, foleni, maneno mawili matatu ya kupitishia muda. Hakupata kitu. Huenda wakati anayasema mawazo yake yalikuwa kwenye ndoo yake, isije ikarukwa zamu.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Hata siku ile nilikuwa sijui."