Chupa Mbili za Mhina

Mhina mwana wa Sadala hakujua kukaa. Ukimpa kiti alikalia ncha yake tu, goti la kulia likaanza kucheza juu chini, na kahawa yako haijapoa yeye keshasimama, anaaga. Hata angekuwa hana pa kwenda, angekwenda. Mama yake, Bibi Fatu, alikuwa akisema mtoto yule alikataa mgongo wake mapema mno, akamnyima raha ya kumbeba. Watu wa Chanika, kijiji chao upande wa Handeni, walikwisha mzoea. Hawakusema "Mhina kaja", walisema "Mhina kapita".

Enzi zile za Mdachi mtu wa namna hiyo hakukosa kazi. Alianza upagazi, akibeba mizigo kutoka stesheni ya Korogwe mpaka Handeni, na alikuwa mpagazi wa kuudhi kweli kweli. Alitua mzigo kabla ya wenzake, kisha akarudi njiani kuwauliza kama wamezaa huko nyuma. Ndipo bwana mmoja wa shamba la katani akanunua baiskeli ya kupelekea barua. Wapagazi walikitazama kile kitu wakasogea nyuma. Mhina akaipanda, akaanguka, akaipanda tena, akabomoa ua wa watu, akaomba radhi huku amekwisha kuipanda mara ya tatu. Jioni alikuwa anazunguka stesheni nzima, na hakuna aliyeweza kumteremsha.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kungoja gari la moshi Korogwe, kupokea mkoba wa barua, kuupeleka upande wa Handeni, kurudi. Njia ilikuwa mchanga, mawe na miiba, na mwanzoni ilimtesa. Alfajiri alijaza ugali ukamlalia tumboni, na akifika chini ya kilima cha Misima mikono ilitetemeka, miguu ikakataa, macho yakaona vimulimuli mchana kweupe. Aliita hali hiyo njaa ya baiskeli, kwa kuwa tumbo lilikuwa limejaa na mwili bado unalia njaa.

Dawa aliipata kwa Lukasi, karani wa ghala pale stesheni, Mshambaa wa milimani, Mkristo mwenye maneno machache. Bwana alikuwa akiletewa soda kutoka Tanga, zile za chupa nene zenye gololi shingoni badala ya kizibo. Siku moja Lukasi alimwona Mhina kakonda, akampa moja akanywe njiani. Mhina aliifungua chini ya kilima. Alisukuma gololi kwa kidole gumba, ikalia psss, akainywa yote, akacheua, na muda si muda miguu ikaamka. Alikipanda kilima cha Misima bila kuteremka. Tangu siku hiyo hakusafiri bila chupa mbili: moja ya kijiji cha Sindeni, katikati ya njia, nyingine ya Misima. Bwana alipoambiwa alicheka, akasema hayo ndiyo mafuta ya baiskeli, apewe. Wanawake waliokuwa wakipalilia kando ya njia wakapata cha kusema. "Mhina, tumbo lako linachemka! Epua chungu!"

Naye alioa. Usishangae, mtu asiyekaa naye hupenda kukuta moto umewashwa.

Mkewe aliitwa Tatu, binti wa Mwalimu Mdoe, aliyesomesha Kurani pale Chanika na kuheshimiwa na wote. Posa ilikuwa ngumu. Sadala, baba yake Mhina, alikuwa mlevi wa boha, ile pombe ya miwa. Alikunywa shamba, akanywa mbuzi, mwisho akajinywa mwenyewe, na Chanika nzima ilikumbuka. Mwalimu Mdoe alisema mbele ya watu: "Binti yangu nakupa. Lakini siku utakayoingia kwangu unanuka boha, Tatu anabaki hapa, na mimi sitasikiliza maelezo." Mhina akaapa. Kiapo hicho hakikumpa shida hata kidogo, kwani harufu ya boha ndiyo ilikuwa harufu ya utoto wake, na aliichukia.

Shida ilikuja upande mwingine. Alifika nyumbani jioni ananuka soda na jasho, akalala, alfajiri baiskeli ikalia kengele nje. Tatu aliusemesha mgongo wa mumewe. Mkewe alipoumwa homa, Mhina alimpelekea maji, akasimama mlangoni goti linacheza, akauliza kama amepata nafuu, akaenda Korogwe. Siku aliporudi alikuta mlango umefungwa kwa kamba. Jirani akamwambia mkewe kaenda kwao, na kaacha neno moja: "Mwambieni mimi nimeolewa na kishindo cha baiskeli."

Neno hilo lilimchoma Mhina. Alizunguka nyumba, akazunguka tena, akajaribu kukaa kizingitini, akashindwa.

Haikupita muda mrefu, Kibwana, kaka yake Tatu, akamkamata njiani na kushika usukani asije akapita. "Shemeji, sikiliza mara moja tu. Baba anasema Ijumaa hii, baada ya swala, wazee watakaa kwake. Uje umchukue mkeo mbele yao. Usipotokea, basi tumekuelewa."

"Nitatokea."

"Wewe hutokea, shemeji. Tabu yako ni kukaa."

Mhina alipiga hesabu zake. Angelala Korogwe, angepokea mkoba Alhamisi mchana, na Alhamisi jioni angekuwa Chanika, kaoga, kavaa kanzu. Akaenda. Usiku huo mvua ikanyesha upande wa Hale, maji yakala tuta la reli, na Alhamisi gari la moshi halikuja. Hazikuja barua, wala soda.

Asubuhi hiyo, kabla hajajua lolote, alikuwa amekwenda kwa Dorkasi, mama wa Kishambaa aliyekamua miwa karibu na stesheni. Ghala lilikuwa limekwishiwa soda, naye Mhina hakuwa tayari kuvuka Misima mkavu. Alimpa zile chupa zake mbili tupu.

"Mama, nijazie maji ya miwa."

Dorkasi akajaza. "Unywe leo hii hii, mwanangu. Yakilala hayo, yanakuwa si yale tena."

"Leo hii hii, mama."

Alizilaza katika kikapu cha baiskeli midomo chini, kama alivyozoea kuzilaza chupa za soda, akaenda kusimama relini. Alisimama. Alitembea mpaka mwisho wa jukwaa akarudi. Aliuliza, akaambiwa subiri. Jua lilipanda, kikapu kikiwa juani ukutani, lilishuka, na yeye bado anauliza. Usiku hakulala. Alihesabu vyote alivyotakiwa kumwambia Tatu na kila mara alifika mahali pale pale, kwamba hakuwa na la kumwambia ila nisamehe.

Ijumaa alfajiri Lukasi alimkuta anajaza upepo.

"Unakwenda wapi? Mkoba wa barua bado."

"Nakwenda kwa mke wangu."

"Mhina, baiskeli hii ni ya mkoba. Ukiondoka bila barua bwana atajua, na mimi siwezi kumdanganya. Atampa mwingine. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa."

"Basi angalau ule kwanza."

Lakini Mhina alikuwa keshapanda.

Alikanyaga Ijumaa hiyo kwa hasira ya kungoja mchana kutwa na usiku kucha. Tope lilimrukia usoni, mnyororo ukalia. Alivuka madaraja ya magogo bila kuteremka, jambo ambalo hata yeye alikuwa haliruhusu. Sindeni alifika jua halijawa kali, koo kavu, ndani mtupu. Akatoa chupa ya kwanza na kuigeuza. Gololi ilikuwa imejikaza shingoni yenyewe, imeziba. Akaibonyeza. Psss!

Alicheka peke yake njiani. Maji ya miwa yamekuwa soda! Siku zote kumbe siri ilikuwa gololi, na wao wanangoja masanduku ya Tanga! Akaiweka mdomoni na kupiga funda kubwa, koo likautangulia ulimi. Ndipo harufu ilipompanda puani, harufu ya nyumba ya baba yake, ya mkeka uliomwagikiwa, ya kicheko cha asubuhi kisicho na sababu.

Alitema. Alishuka kwenye kijito akasukutua mara nyingi, akasugua ulimi kwa mchanga, akatafuna majani ya mpera mpaka kinywa kikawa kikavu. Maneno ya Dorkasi yalimrudia sasa, yamechelewa. Akaziba chupa, akairudisha kikapuni, sijui kwa nini hakuimwaga. Nadhani mtu aliyezoea kubeba chupa mbili hawezi kubeba moja.

Kilima cha Misima kilimkamata. Nusu yake, mikono ikaanza ile kazi yake ya kutetemeka. Aliteremka akasukuma, akajikuta chini, baiskeli juu yake, jua likimtazama. Kulikuwa na nyumba si mbali, moshi unatoka. Lakini aliwajua Wazigua wenzake. Angekaribishwa, angekalishwa, angeulizwa habari za Korogwe na za mvua, chungu kingebandikwa, na hakuna ambaye angemwachia kuondoka bila kula. Wakati huo wazee wangekuwa wamekwisha kukaa na kuinuka, na Kibwana angekuwa anasema, si nilisema.

Akazitazama zile chupa. Asipokunywa hafiki, na asipofika Tatu anabaki kwao. Akinywa anafika ananuka boha, na Tatu anabaki kwao vile vile. Alikasirika hata akaipiga teke baiskeli, maskini, isiyo na kosa. Kisha akafikiri: nikibaki hapa, ataamini sikutaka kuja. Nikifika, angalau ataniona.

Akanywa ya kwanza. Akanywa ya pili. Utamu ulikuwa bado umo, chini ya ukali. Machozi yalimtoka, na alimlilia zaidi baba yake kuliko nafsi yake. Kisha miguu ikaamka, kama ilivyokuwa siku zote, akapanda.

Alifika Chanika watu wametoka msikitini. Wazee walikuwa wamekaa barazani kwa Mwalimu Mdoe, kahawa inazunguka. Mhina aliegemeza baiskeli kwenye ua, tope mpaka nyusini, akasogea. Desturi ilikuwa kuinama na kuubusu mkono wa mwalimu. Mwalimu akanyoosha mkono. Mhina akasimama hatua mbili mbali, hakuushika.

Minong'ono ikapita barazani. Mkono wa mwalimu ulibaki hewani.

"Shikamoo, baba. Siwezi kukubusu mkono. Ninanuka boha."

Kibwana alifunika uso.

"Nilibeba maji ya miwa, yakachacha njiani. Funda la kwanza sikujua. Yaliyobaki nilijua. Nguvu ziliniishia Misima, na bila kunywa nisingefika. Umesema hutasikiliza maelezo, nami sikuja kujieleza. Nimekuja ili mjue nilikuja."

Mwalimu Mdoe alirudisha mkono wake pajani. Alikuwa mzee wa kauli moja, na kila mtu pale aliijua kauli yenyewe. Lakini kabla hajaitoa, sauti ya Tatu ikatoka nyuma ya mlango.

"Mkoba wake wa barua uko wapi?"

Wazee wakamtazama Mhina mgongoni. Kwa mara ya kwanza tangu baiskeli ifike nchi ile, mgongo ulikuwa mtupu.

"Gari la moshi halikuja," alisema, akiuelekea mlango. "Sikungoja. Baiskeli watakuja kuichukua."

"Umeiacha kazi?"

"Nimeiacha."

Kisha Tatu akasema, sauti imebadilika, "Baba, huyu hajawahi kuja kwangu bila mzigo wa mtu mwingine."

Mwalimu Mdoe aliweka kikombe chake cha kahawa chini. "Nilisema akinuka boha Tatu anabaki hapa," akasema. "Neno langu ni hilo hilo. Tatu anabaki hapa." Mhina akainamisha kichwa. "Na wewe pia unabaki. Shamba langu la mahindi linataka mtu, na harufu hiyo inataka muda. Utalima nami, utakula nami, jioni utakaa hapa barazani na wenzako. Mahindi yakivunwa, tutazungumza habari ya kumchukua. Utaweza?"

Swali hilo lilikuwa gumu kuliko Misima yote. Kulima angeweza. Jioni barazani, kila siku, bila mahali pa kwenda, hapo jasho jipya lilimtoka.

"Nitajaribu, baba."

"Sikukuuliza kujaribu."

"Nitakaa."

Wiki haikwisha, mtu akaja kuichukua baiskeli, mgeni, mwoga, na mkoba wa barua begani. Ilikuwa jioni, wazee wakiwa barazani na Mhina miongoni mwao kwenye mkeka. Yule mtu alipanda akayumba, akakwaruza ua, akapiga kengele bila sababu. Mhina alishika mkeka kwa mikono miwili. Alijua usukani ule ulivyovuta kushoto, na alijua mtu yule hangefika Sindeni kabla ya kuanguka mara mbili. Kengele ikalia mbali, halafu mbali zaidi.

Tatu alitoka na bakuli la maji, akaliweka mbele yake, akakaa pembeni yake mbele ya watu wote. Alitazama goti la mumewe. Lilikuwa linacheza juu chini, juu chini, mpaka maji yakatikisika bakulini.

Akalitazama mpaka kahawa ya wazee ikapoa. Goti halikutulia hata kidogo, lakini Mhina hakusimama.